Waliochota Kijito Kimoja

Nilikuwa nimewapelekea wachimba kaburi chai ya asubuhi, birika mkono mmoja na vikombe vya plastiki mkono wa pili, nikasimama ukingoni ili niwaite. Walikuwa wamefika kimo cha kifua. Juu udongo ulikuwa mwekundu kama ulivyo kwetu huku Rongo, lakini chini walikuwa wameshafikia tabaka la kijivu, ule udongo mzito wa mfinyanzi, na kijana mmoja alikuwa akiubandua kwenye koleo lake kwa kidole. Harufu ikanifikia kabla sijasema neno. Ni harufu ya baridi, ya mawe yaliyolowa na kutu kidogo. Nikajimwagia chai miguuni. Vijana wakadhani ni majonzi. "Pole, mama," mmoja akaniambia, "lakini huyu nyanya alikula chumvi nyingi." Nikaipokea pole yake kama mtu mwenye haki nayo. Harufu ile niliwahi kuwa nayo chini ya kucha zangu, nikiwa darasa la sita, na aliyebeba mzigo wake ni huyu tuliyekuwa tunamchimbia.

Marehemu alikuwa mke wa kwanza wa baba yangu. Mama yangu alikuwa wa pili. Watu walimwita Nyar Rusinga, binti wa Rusinga, kwa kuwa alizaliwa kule kisiwani, na mimi nilimwita Mama Mkubwa. Wanawe wawili walikuwa wameshakua na kwenda kutafuta kazi mbali, nyumba yake ikabaki kimya, kwa hiyo nikapewa kulala kwake. Nilikula kwa mama, nikalala kwa Mama Mkubwa. Alinisuka nywele Ijumaa kabla jua halijatua, maana alikuwa mtu wa kusali Jumamosi na hakutaka kazi yoyote iingie kwenye siku yake. Ndugu zake wakimtumia samaki kutoka kisiwani, kichwa kilikuwa changu. "Kula," angeniambia. "Msichana asiyejua kula kichwa cha samaki ataolewa na watu wa milimani, akafie huko na viazi." Nilimpenda. Naliandika hili mapema ili mtu asije akadhani nilifanya niliyofanya kwa chuki.

Shida ilikuwa maji. Chini ya boma letu kulikuwa na chemchemi moja. Baba, ambaye alikuwa fundi wa kujenga kule Migori mjini, aliizungushia ukuta mdogo wa mawe, akashindilia udongo wa mfinyanzi nyuma ya ukuta, na mbele akaacha bomba moja la chuma, fupi kama mkono wangu. Maji yalitoka membamba lakini hayakukatika hata kiangazi. Ugomvi wote niliowahi kuusikia kati ya mama zangu wawili ulianzia pale. Mmoja alikawia kujaza mtungi. Mwingine aliosha nguo za mtoto juu ya mkondo. Mmoja alihamisha ndoo ya mwenzake "kwa mguu", na neno hilo kwa mguu lilisemwa wiki nzima. Wakiwa jikoni kila mtu kwake walikuwa watu wazuri tu. Wakifika bombani, hata mimi ningetafuta kichaka nijifiche.

Mwaka huo kulikuwa na uchaguzi, na wanaume wawili wa ukoo mmoja waligombea udiwani. Kila mti uliokuwa na gome ulibandikwa sura zao. Siku moja mvulana wa darasa letu aliinua mkono. "Mwalimu, redio ilisema hawa wawili ni rivals. Rival ni nini?"

Mwalimu Oluoch alikuwa ameishi seminarini miaka kadhaa akisomea upadri, mpaka akampenda msichana aliyekuwa akiwaletea maziwa. Padri hakuwahi kuwa, lakini Kilatini kilikuwa hakijamtoka, na ukimuuliza neno alifurahi kama umemkaribisha chai. Aliandika ubaoni: rivus.

"Hiki ni kijito," akasema. "Sasa mtu mnayechota naye kijito kimoja, Warumi walimwita rivalis. Wewe uko ng'ambo hii, yeye ako ng'ambo ile. Asubuhi mnasalimiana. Mchana unasema amemaliza maji. Yeye anasema umechafua maji. Jioni mko kwa chifu. Neno likaanzia hapo mtoni, likapanda polepole mpaka kwa wanaume wawili wanaotaka msichana mmoja, likapanda tena mpaka kwa siasa."

"Na hawa wetu, kijito chao ni gani?" mvulana akauliza.

"Kura za mama yako na baba yako. Wanachota hapo wote wawili, ndiyo maana wanarushiana matope." Darasa likacheka. Mwalimu akafuta ubao kwa mkono wa shati. "Lakini ukimpa kila mmoja kijito chake, ugomvi umeisha. Siasa itakufa Jumatatu."

Wenzangu walikwenda mapumziko. Mimi nilibaki nikiutazama ubao uliofutwa. Sikujali udiwani hata kidogo. Nilikuwa nimesikia mtu mzima, tena aliyesoma, akinieleza ugonjwa wa nyumbani kwetu na dawa yake, na nilishangaa kwamba Warumi walilijua jambo hili zamani sana na hakuna hata mmoja aliyetuambia. Mama zangu walikuwa hivyo kwa sababu ya bomba moja. Wangekuwa na mabomba mawili wangekuwa ndugu. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi.

Nilingoja Jumamosi. Mama alikwenda sokoni Rongo kuuza nyanya zake, Mama Mkubwa akaenda kanisani na mwavuli wake. Nilichukua jembe lililokuwa karibu nami, na lililokuwa karibu lilikuwa la Mama Mkubwa, kwa sababu ndiko nilikolala. Mpini wake ulifungwa ukanda wa tyubu nyekundu mahali ulipopasuka. Nilikata vikonyo vinne vya majani ya mpapai, vile ambavyo ndani ni uwazi kama mrija, nikavichomeka kimoja ndani ya kingine. Hilo ndilo lingekuwa bomba la pili, la muda, mpaka baba aje na la chuma.

Nikachimba nyuma ya ukuta. Udongo wa kijivu ulitoka kwa mapande na ulikuwa baridi hadi kwenye mifupa ya vidole. Nilichimba kwa bidii ambayo mama hakuwahi kuiona shambani. Nilipofika palipokuwa na unyevunyevu nikachomeka mrija wangu, na nawaapia, maji yalitoka. Yalitoka kwenye kikonyo cha mpapai, meupe, yakidondoka upande ule mwingine wa ukuta. Nikapiga makofi peke yangu. Nikasema kwa sauti, "Hii ya Mama. Hii ya Mama Mkubwa."

Ilidumu muda wa kunywa uji. Kisha udongo nyuma ya ukuta ukaketi chini, kama mtu mzito anayekaa kitandani. Mrija ukapotea. Bomba la chuma likakohoa, likatoa tope, likakohoa tena, likanyamaza. Nilijaribu kurudisha udongo kwa mikono. Nilishindilia kwa miguu, nikalia, nikashindilia tena. Maji yalikuwa yamepata njia nyingine huko chini na hayakuwa na haja na sisi. Nikakimbia. Jembe nililiacha pale pale.

Mama ndiye aliyefika kwanza na mtungi. Nilikuwa kwenye migomba nyuma ya nyumba nikijipangusa, nikasikia ukelele wake, na nikajua kwa mlio wake tu kwamba ameliona jembe.

Baba alikuja jioni ile ile, maana ilikuwa siku yake ya kuja. Alitukalisha uani kabla giza halijaingia: wake wawili, na mimi. Jembe alililaza katikati.

"Hii jembe ni ya nani?" mama akauliza, ingawa aliyepaswa kuuliza ni baba.

"Ni yangu," Mama Mkubwa akasema.

"Nani alipeleka huko?"

"Sijui. Mimi nilikuwa kanisani."

"Kanisani ulitoka mapema. Watu walikuona ukirudi saa nane."

"Kichwa kiliniuma. Nilirudi nikalala."

Ilikuwa kweli. Nilimkuta amelala, leso imefungwa kichwani. Ningeweza kusema hata hilo tu, bila kusema mengine. Mama akanigeukia.

"Akoth. Wewe unalala huko kwake. Jembe ulionaje leo?"

Wote watatu walinitazama. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini sikusema. Niliogopa kiboko, ndiyo, lakini baba hakuwa mtu wa kiboko sana. Ukweli ni mchafu zaidi. Mama alikuwa amesimama wima pale, uso umewaka, na sijawahi kumwona akiwa na haki namna ile. Siku zote yeye ndiye mdogo, yeye ndiye anayengoja, yeye ndiye anayeambiwa mke wa kwanza amesema hivi. Siku ile alikuwa anashinda, na ushindi ulimfaa kama nguo mpya. Nikasema, "Asubuhi nikiamka jembe haikuwa mahali yake."

Maneno sita. Baba alishusha pumzi. Mama Mkubwa hakunitazama kwa hasira, wala hakunibishia. Alilitazama jembe lake muda kidogo, kisha akainuka akakung'uta sketi. Kesho yake asubuhi nilipoamka kwa mama, kwa sababu usiku ule sikuthubutu kulala kwake, nyumba yake ilikuwa imefungwa kwa kamba. Alikuwa amekwenda Rusinga kwa kaka yake.

Tukaanza kuteka maji mto Kuja, kilomita na kilomita, mtungi kichwani, shingo ikiingia mabegani. Niliona ni haki yangu. Lakini hilo lilikuwa dogo. Masika yalipofika ndipo nilipoelewa nilichokivunja.

Kwetu mke wa kwanza ndiye anayefungua msimu. Yeye huanza kutia mbegu ardhini kwanza, ndipo wa pili afuate, ndipo wana wafuate. Hakuna anayemtangulia. Ukimtangulia umeita balaa juu ya boma zima, na hata watu wa kanisa, ambao Jumapili wanasema wameacha mambo ya zamani, Jumatatu hawajaribu. Mvua ikanyesha. Shamba letu lilikuwa limelimwa, laini, linangoja. Majirani walipanda. Mahindi yao yakatoka, yakafika kwenye kifundo cha mguu, yakafika gotini. Letu lilikuwa udongo mtupu na magugu yanayojiotea kwa raha zao. Watu waliopita njiani walipunguza mwendo wakatazama, kisha wakaongeza.

Mwanzoni mama aliimba akipika. Wiki ya pili aliacha kuimba. Wiki ya tatu nilimwona akisimama ukingoni mwa shamba na kibuyu cha mbegu kwapani, akikipapasa, akirudi nacho ndani. Baba alikwenda Rusinga mara moja, akarudi peke yake. Akaenda mara ya pili, akarudi peke yake, na safari hii hakula. Alisema tu, "Anasema hawezi kufungua mlango wa boma lililomwita mwizi wa maji."

Nilikuwa na dawa mdomoni. Sentensi moja tu na baba angerudi Rusinga na habari njema. Kila siku nilijiambia kesho. Nilifika hadi mlangoni kwa baba, nikasema nimekuja kuuliza kama anataka maji ya kuoga.

Safari ya tatu Mama Mkubwa alikuja. Nadhani aliambiwa kwamba chakula kilikuwa kimebaki cha wiki chache na kwamba kuna watoto. Alifika jioni, akaingia nyumbani kwake, akalala usiku mmoja kama mila inavyotaka, na alfajiri akatoka na jembe lile lile lenye tyubu nyekundu. Akaniita nimbebee kibuyu. Sijui kwa nini aliniita mimi. Alichimba shimo, nikatia mbegu, akasogea. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwake, mbali, mikono kifuani.

"Umekonda," Mama Mkubwa akaniambia bila kuinua kichwa. "Nani anakusuka siku hizi?"

"Hakuna."

"Ninaona."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeanza, nilikuwa nimesema, "Mama Mkubwa, ile siku..."

"Fukia," akasema. "Fukia vizuri, kuku wasifukue."

Nikafukia. Alipanda mstari mmoja, akaliegemeza jembe kwenye ukuta wake, akafunga mlango kwa kamba, na kabla ya saa nne alikuwa barabarani. Ikawa hivyo kila msimu. Alikuja usiku mmoja, akapanda mstari wake, akarudi kisiwani. Hata baba alipofariki, alikuja kumzika, akaomboleza siku zilizotakiwa, kisha akaendelea na ratiba yake ile ile. Mama zangu hawakugombana tena hata siku moja. Mmoja aliteka maji ziwani, mwingine mto Kuja. Mwalimu Oluoch alikuwa amesema kweli.

Nami nikawa mwalimu, tena wa Kiingereza, Mungu anajua kucheka. Nikikuta neno lile rival kwenye insha ya mwanafunzi naliwekea alama ya sahihi haraka na kwenda mbele. Rusinga nilikwenda mara chache, na sukari na sabuni, kama wafanyavyo wenye deni lisilotajika. Mama Mkubwa alinipokea vizuri. Alinipa kichwa cha samaki. Kila mara nilijiambia nitasema tukimaliza kula.

Sasa amerudishwa, kwa sababu mke wa kwanza hazikwi kwa kaka yake. Siku ya mazishi mimi ndiye niliyepewa kusoma wasifu wa marehemu, kama msomi wa familia. Kabla yangu walimpa mama kipaza sauti. Mama ni mzee sasa, magoti yanamsumbua, akashikiliwa.

"Mimi na huyu tulikosana juu ya maji," akasema. "Wengi mnajua. Alinikosea. Lakini mbele ya Mungu na mbele yenu, mimi nilimsamehe kitambo."

Watu wakaitikia amina. Wanawake wakaanzisha wimbo. Mwana mkubwa wa Mama Mkubwa, mtu mwenye mvi, aliinamisha kichwa kwa aibu ya mama yake, akaja kumshika mama yangu mkono na kumshukuru. Kisha nikapewa kipaza sauti. Nilikuwa na karatasi mkononi na kaburi mbele yangu, na rundo la udongo wa kijivu limeanza kukauka kando yake. Nikasoma karatasi. Nilisoma vizuri, watu walinisifu.

Nilimwambia mama kesho yake mchana, tukiosha masufuria ya matanga, wageni wamekwisha kuondoka. Nilimwambia yote, hata vikonyo vya mpapai. Nilikuwa nalia, mikono imejaa majivu. Yeye hakuacha kusugua.

"Ile gauni yako ya shule," akasema mwishowe. "Ile ya kijani. Nani alifua?"

"Ni wewe, mama."

"Hiyo udongo haitoki mara moja. Nilifua mara tatu. Nilifua kabla baba yako hajafika."

Nikaiweka sufuria chini. Nilisikia kuku, nilisikia mtu akifungua hema upande wa pili wa uwanja.

"Sasa mbona uliniuliza mbele ya baba?"

Mama alimwaga maji machafu, polepole, akayatazama yakienda. "Nilitaka kuona utasema nini. Ungesema ukweli, ningekufunika, ningesema ni utoto, mambo yaishe." Akageuza sufuria kifudifudi ikauke. "Lakini ukasema ile kitu ulisema. Nami nikaona ni tamu."

Hakuniomba msamaha wala sikumwomba. Tulimaliza vyombo.

Hiyo ilikuwa Agosti. Nimerudi kazini, na sasa vuli imeanza kwetu. Mama ananipigia simu kila jioni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake yeye ndiye mkubwa wa boma, yeye ndiye wa kufungua msimu, na majirani wanamngoja kwa heshima wamwone akianza. Shamba limelimwa. Ananiambia kila asubuhi anachukua kibuyu, anafika ukingoni, anatazama mlango ule uliofungwa kwa kamba, anarudi ndani. "Kesho," ananiambia. Naijua kesho hiyo. Mvua imeingia wiki ya tatu, mahindi ya majirani yamefika kwenye kifundo cha mguu, letu ni udongo mtupu, na safari hii hakuna wa kufuatwa Rusinga.